Nyumba ya Mzee Nathanael Imeoshwa

Kijiwe chetu kipo Tengeru, nyuma ya soko, kando ya mfereji. Kahawa anauza Elinami, naye hujaza pipa lake mferejini siku ya zamu yetu ya maji. Mwezi uliopita polisi waliwazoa wapangaji wa Mzee Nathanael, waliokuwa wakipika dawa za kulevya chumbani. Mitungi ilibebwa, harufu tukaachiwa. Sasa Naisula wa mbogamboga anahamia humo Jumamosi na mtoto anayetambaa, na kijiwe hakilali.

— Nimeosha mwenyewe, alisema Sifaeli, tunayemwita Fundi Rangi kwa sababu hajawahi kumaliza ukuta. Ndoo arobaini, sabuni ya unga, sakafu mpaka dari.

— Na harufu? aliuliza Profesa, ambaye aliwahi kufagia maabara ya chuo.

— Imehama.

— Sumu haihami, kaka. Inalala kwenye saruji. Jua likiwaka, inaamka.

— Basi mchungaji aje aombee nyumba, alisema Elinami akinimiminia.

— Mchungaji anafukuza pepo, hii ni tindikali! alisema Profesa. Fungieni mbuzi humo wiki moja. Akitoka mzima, mtoto anaingia.

— Na akitoka hajalala siku saba? aliuliza Elinami.

— Tunampeleka mnadani. Tunasema ni mbuzi wa ulinzi.

— Acheni kujisumbua, alisema Fundi Rangi. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana nilimwaga mengi.

Profesa alipiga paja: kesi imekwisha. Nami nilicheka, na sasa naona aibu.

Naisula akafika, mtoto mgongoni.

— Shikamooni.

— Marahaba, mama. Nyumba yako inang'aa!

— Asanteni. Mliosha lini?

— Jana, alisema Fundi Rangi. Si ilikuwa zamu yetu ya mfereji? Maji bwerere.

— Kaka Sifaeli, yale maji machafu uliyamwaga wapi?

Fundi Rangi alinyoosha kidole mferejini, akakirudisha. Mfereji unapita nyuma ya ile nyumba, unaingia kwenye mchicha wa Naisula, halafu unakuja hapa kwetu. Profesa alitazama viatu vyake. Elinami aligeuka akaliangalia pipa, kisha akaliweka birika chini taratibu.

— Nawauliza nyinyi, wazee. Mchicha wangu nimeuuza asubuhi hii.

Mtoto alinyoosha mkono akitaka kikombe changu. Nilikivuta haraka, nikainuka niimwage ile kahawa, nikabaki nimesimama nayo. Sikujua niimwage wapi.