Bibi Esnath Gwakisa, Mshona Viti wa Ipogolo

Haya ni maisha ya mke wangu, Esnath. Mimi Vitus Mhongole sikusoma. Nimesema, mjukuu wetu Frida ameandika, naye ndiye anawasomea. Sitasema mengi. Marehemu mwenyewe hakupenda hotuba ndefu watu wakiwa juani.

Marehemu Bibi Esnath Gwakisa alizaliwa tarehe 3 Aprili 1954, Iyunga, Mbeya, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Gwakisa, mshona viatu. Kushika msharasi, chuma cha kutobolea viatu, alijifunza kwa baba yake kabla hajajua kusoma. Alisoma shule ya msingi hukohuko Mbeya, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Barua zote zilizoingia nyumbani kwetu alisoma yeye.

Mwaka 1974 nilikuwa tingo wa lori la vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Mbeya. Soli ya kiatu changu ikabanduka. Nikakipeleka kwa Mzee Gwakisa, lakini aliyekishona ni binti yake. Akaniambia, "Kaka, hiki kitakufikisha Iringa. Kukirudisha huku ni juu yako." Nilirudi. Tulifunga ndoa tarehe 18 Oktoba 1975 hapa Iringa, tukajaliwa watoto wanne, wa kwanza Severina. Mmoja alitutangulia akiwa mdogo.

Kuanzia mwaka 1979 hadi alipostaafu mwaka 2009, marehemu alikuwa mpishi wa shule ya bweni hapa mjini. Kazi yake ya pili, hii ambayo mnamjua nayo, aliianza mwaka 1999. Shule ilivitupa viti viwili vya plastiki vilivyopasuka. Akaviomba, akavibeba kichwani mpaka Ipogolo. Alipasha moto spoku ya baiskeli, akatoboa matundu kandokando ya ufa, akashona kwa waya kama anavyoshona soli. Wiki ileile mama ntilie mmoja akavinunua.

Basi, akawa anapita kwenye mabaa na hoteli za barabarani. Ananunua vilivyovunjika, anashona, anauza. Vingine anakodisha. Akienda Iyunga kumsalimia mama yake, anarudi na rundo la viti juu ya basi. Konda mmoja akamuuliza, "Bibi, unahama na baa nzima?" Akamjibu, "Nahama na viti. Bia nimekuachia wewe."

Mimi sikupenda. Nasema ukweli. Nilikuwa kwenye kamati ya kanisa, na watu walikuwa wanaita uwanja wetu jalala.

Tarehe 12 Julai 2003 kulikuwa na harusi hapa mtaani, wakakodi viti vyake sitini. Jirani yetu Mzee Eliezeri Chengula, mwenye mwili kama mnavyomwona, akakaa. Jua lilikuwa kali, plastiki ikalainika, waya ukaikata. Akaanguka na sahani yake. Akasimama na pilau kifuani, akasema mbele ya watu wote, "Mke wa Mhongole anatukalisha kwenye takataka! Mimi kwenye viti vyake sikai tena!" Watu wakacheka sana. Nyumbani nikamwambia, "Mama Severina, acha hii kazi. Unatuaibisha." Akasema, "Nimekosea uzi, Baba Severina. Kazi siachi."

Alifumua viti vyote sitini. Akakata ndoo mbovu vipande virefu vyembamba, akashona kwa hivyo, plastiki kwa plastiki, na kila fundo akaliyeyusha kwa moto. Kila kiti kikikamilika ananiita, "Mzee, njoo." Nakaa. "Yumba." Nayumba. "Haya, inuka." Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, miaka ishirini. Bati za nyumba hii ni viti. Severina kusoma uuguzi ni viti. Nilikuja kuona, nikachelewa.

Februari 2011 mke wa Mzee Eliezeri alifariki. Mvua ilikuwa inanyesha, uani kwake matope matupu. Esnath hakusubiri kuombwa. Alipeleka viti vyote bila malipo, kisha akaenda kukaa na wanawake wenzake kwenye mikeka. Wanaume wakakaa. Mfiwa peke yake akasimama, kwa ajili ya lile neno lake la harusini. Alisimama kutwa nzima. Hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Jioni Esnath akaja na kiti kilekile kilichomwangusha Mzee Eliezeri. Akaniita mbele ya watu, "Mzee, njoo. Yumba." Nikayumba. Akasema, "Shemeji, huyu ana kilo tisini na hajaenda popote. Kaa. Mwenzako huwezi kumlilia umesimama."

"Na nikianguka tena, shemeji?"

"Leo hujashika pilau."

Mzee Eliezeri akacheka huku analia. Akakaa.

Toka siku ile misiba yote ya hapa Ipogolo imekalia viti vyake. Hakutoza hata msiba mmoja. Harusi alitoza, tena hakupunguza.

Mwaka 2023 aligundulika moyo umetanuka. Miguu ikawa inajaa maji. Alitibiwa hapa Iringa, baadaye Mbeya. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wote. Kukaa mkekani hakuweza tena. Mwezi Mei mwaka huu, kwenye msiba wa jirani, akakalishwa kwenye kiti, mara yake ya kwanza msibani. Akaninong'oneza, "Baba Severina, mshono huu unafinya. Miaka yote hii hukuniambia?" Kweli ulikuwa unafinya. Kesho yake akaufumua, akaushona upya. Hicho ndicho kiti chake cha mwisho.

Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 6 Agosti 2025, saa nne asubuhi. Severina alimpa maji, akanywa kidogo, akasema "Ndaga," asante ya kwao. Hakusema tena.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, Severina, Edmund na Goodness, wajukuu saba, na mdogo wake Jailos Gwakisa wa Iyunga.

Viti vilivyopo hapa leo ni mia moja na arobaini. Vyote viliwahi kutupwa. Mzee Eliezeri yuko mbele pale, amekalia kile chake. Mtakapoinuka kwenda kutia udongo, kila mmoja apindue kiti chake aangalie chini. Mtaona mkono wake.

Mama Severina, kila uliponiambia kaa, nilikaa. Leo nakuambia mimi. Umechoka. Kaa, upumzike kwa amani.