Fundi Miwani na Kadi ya Mia Nne na Kumi na Mbili

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Miwani, alizaliwa Jumatano tarehe 8 Aprili 1964, saa nne asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa karani wa stesheni. Wa kwanza ni kaka yetu mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye amekaa safu ya mbele upande wa kulia. Wa tatu ni dada yao, ndiye msomaji wa wasifu huu. Walikulia katika nyumba ya watumishi yenye vyumba viwili, watoto wote chumba kimoja, na kila ugomvi ulimalizwa kabla taa haijazimwa kwa sababu mama hakutaka kusikia minong'ono. Msomaji anaomba uvumilivu wenu. Ameuandika wasifu huu akiwa amechoka, na anausoma akiwa hoi.

Marehemu alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, kisha sekondari hadi 1981. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Alipokuwa darasa la tatu mwalimu aligundua kwamba mtoto huyu haoni ubao kabisa, na kwamba yote anayoyajua ameyashika kwa masikio. Akanunuliwa miwani. Siku ya kwanza kuivaa alisimama mlangoni akamkodolea mama macho kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe mama una madoa usoni!" Mama akamjibu, "Yarudishe hayo madude ulikoyatoa." Hakuyarudisha. Mwaka 1983 alijiunga na chuo akajifunza kupima macho, na hapo akawa amepata njia yake.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa katika duka la miwani lililo mkabala na posta, na hakuhama hapo mpaka alipostaafu mwezi wa Juni 2023. Kwa miaka thelathini na minane alikaa kwenye kigoda kile kile, akiwabadilishia watu lenzi mbele ya macho na kuwauliza swali lile lile: "Hii, au hii?" Alikuwa na subira ya ajabu. Mteja akisema zote sawa, alirudia. Mteja akikasirika, alirudia polepole zaidi. Alikuwa akisema hakuna miwani mizuri duniani, ipo tu miwani ya mtu fulani.

Kwenye kigoda hicho ndipo alipompata mke wake, mshonaji, aliyefika akilalamika kwamba sindano za siku hizi zinatengenezwa bila tundu. Alimpima kwa saa nzima, kazi ya dakika ishirini. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Agosti 1991 wakajaliwa mabinti wawili. Wifi yetu anasema katika miaka yote hiyo hawakuwahi kugombana juu ya jambo kubwa, ila juu ya masanduku.

Tuseme basi habari za masanduku, maana bila hayo hatutakuwa tumemsema yeye. Mwaka 1999 mteja mmoja aliyekuwa akihama alimwachia mchezo wa mezani ndani ya sanduku lililopasuka kona, mchezo wa kujenga njia za reli. Marehemu aliucheza na mke wake mara moja, na kuanzia hapo tukampoteza. Ikaja michezo ya mashamba, ya visiwa, ya masoko, ya magonjwa yanayoenea, ya wafalme wasioaminika. Masanduku yalijaa sebuleni, yakapanda juu ya kabati, yakaingia chini ya kitanda. Klabu yake ilikutana kila Jumamosi saa nane mchana katika chumba cha nyuma cha duka la miwani: mfamasia, dereva wa lori, mwanasheria, na yeyote aliyeingia kutafuta miwani akasahau kutoka.

Mabishano ya watu hawa msiombe kuyasikia. Mfamasia alikuwa akiupa kila mchezo alama kati ya kumi. Dereva wa lori alikuwa hataki mchezo unaozidi saa moja. "Mimi nataka gemu la kucheza, siyo la kuhamia," alikuwa akisema. Mwanasheria alisoma vijitabu vya sheria mpaka maandishi madogo, kisha akawafungulia wenzake kesi. Marehemu ndiye aliyekuwa akiamua, na hakuwahi kutoa alama. Mfamasia akisema mchezo huu ni tisa, yeye aliuliza, "Tisa ya nani?" Kila mchezo aliuandikia kadi yenye mistari miwili: wa kupewa nani, na asipewe nani. Tumezihesabu kadi hizo juzi, ni mia nne na kumi na mbili. Moja inasema: "Kwa watu wenye subira na choo cha karibu." Nyingine: "Asipewe mtu aliyeachwa hivi karibuni." Watu waliokuja kuomba ushauri aliwapima kwanza kama wateja wa macho. Mnacheza wangapi? Nani kati yenu hapendi kushindwa? Nani ananuna? Maharusi wapya aliwapa mchezo ambao wote wawili hushinda pamoja au hushindwa pamoja, na baba mmoja aliyetaka kumfunza mwanawe akili za biashara alimrudisha nyumbani na mchezo wa kurusha dadu na kucheka.

Kadi haikuandikwa kabla mchezo haujachezwa mara tatu. Mara ya kwanza ni ya kujifunza, mara ya pili ni ya kushindwa, na mara ya tatu ni ya kucheza na mtu asiyependa michezo. Mtu huyo alikuwa msomaji wa wasifu huu. Kwa miaka ishirini na sita aliitwa, akakalishwa, akaelezwa sheria, akachezeshwa michezo mia nne na kumi na mmoja, na hakupenda hata mmoja. Marehemu alimtazama uso tu. Akimwona anapiga miayo aliandika, akimwona anauma meno aliandika. "Mdogo wangu," alikuwa akimwambia, "wewe ndiye mizani yangu." Si sifa ya kujivunia sana, lakini ni yake.

Mnaofuata hesabu mtaona kwamba mmoja haumo.

Mama yetu aliugua kwa miezi kumi na minne, akafariki Machi 2014. Msomaji ndiye aliyemuuguza. Kaka mkubwa aliahidi kushika zamu kila Jumamosi, na katika miezi hiyo yote alifika mara mbili. Baada ya maziko msomaji hakuonekana kwenye klabu kwa miezi minne, na marehemu, kwa huruma, hakumwita. Akapata mchezo mpya, akaucheza mara mbili, akaona unafaa kuichangamsha familia. Jumapili tarehe 20 Julai 2014 aliufungua mezani kwake baada ya chakula cha mchana. Ulikuwa mchezo wa wafanyabiashara wa mji mmoja: mnaahidiana, mnapeana mikono, kisha zamu ikifika kila mtu ana hiari ya kutimiza au kuvunja. Wapenzi wa michezo hiyo wanasema kuvunja ndiko kwenye utamu.

Kaka mkubwa alimpa dada yake mkono, na zamu yake ilipofika akavunja.

"Ulinipa neno lako," dada akasema.

"Jamani, si mchezo tu?" Kaka mkubwa alikuwa anacheka.

"Na mama ulimwambia utakuja Jumamosi. Ule nao ulikuwa mchezo?"

Kaka mkubwa aliziweka kadi zake kifudifudi, akachukua funguo, akatoka. Kuanzia siku ile hawa wawili hawakusemezana. Salamu zilipitia kwa wifi. Kwenye harusi ya binti mkubwa wa marehemu walipiga picha ya familia wakiwa ncha mbili za mstari, na mpiga picha akawa anasema sogeeni, sogeeni, mpaka akachoka mwenyewe.

Marehemu alimpigia dada yake simu kesho yake. "Kosa ni langu, mdogo wangu. Sikuupima."

"Gemu halikumzuia mtu kwenda kumwona mama."

"Ningekuchezesha wewe kwanza, ningeona."

Kadi ya mchezo ule ina mstari mmoja tu: "Asipewe mtu yeyote." Tangu hapo alianza kutafuta mchezo utakaowakalisha ndugu zake meza moja, na hilo likawa donda lake la miaka kumi na moja. Klabu nzima ilitumwa. "Nitafutieni mchezo wa watu wasiotazamana," aliwaambia. Mfamasia akamjibu, "Huo upo, unaitwa ndoa." Walicheka wote, lakini yeye hakuacha kutafuta.

Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Madaktari walijitahidi kwa kadiri walivyoweza, na familia inawashukuru. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na kuanzia Machi hakurudi nyumbani. Wifi alilala naye, msomaji alishika zamu ya asubuhi, kaka mkubwa zamu ya mchana, kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili. Msomaji aliondoka saa nane kasorobo, kusudi wasikutane kwenye ngazi.

Mwishoni mwa Mei mfamasia alileta mchezo wodini. Ni mchezo wa kupeleka maji: kuna tangi, kuna nyumba, na kila mchezaji ana vipande vyake vya mabomba ambavyo wenzake hawavioni. Wachezaji ni watatu, si pungufu wala zaidi, na sheria ya kwanza ni kwamba hakuna kusema neno mpaka maji yafike. Marehemu aliisoma sheria hiyo akacheka mpaka akakohoa. Siku iliyofuata alimng'ang'ania dada yake asiondoke, kaka mkubwa akaingia, na marehemu akawagawia vipande kabla hawajapata la kusema. Walicheza juu ya kile kimeza cha magurudumu. Muuguzi wa zamu akapita akasema, "Meza hiyo ni ya chakula, siyo ya kamari," na hakuna aliyemjibu, kwa kuwa sheria hairuhusu.

Walicheza siku kumi na moja. Kaka mkubwa, mwalimu mkuu aliyeishi kwa kuhutubia, alipanga mabomba kimya na jasho likimtoka. Mara nyingi maji hayakufika, na yalipofika watu walikusanya vipande wakaondoka, huyu kwa ngazi, yule kwa lifti.

Hapa naomba radhi. Nitaacha kujiita msomaji. Ni mimi.

Jumanne tarehe 10 Juni asubuhi marehemu aliniuliza, "Mmeongea?"

Alikuwa amebaki mifupa. Nikasema, "Tumeongea."

"Kasemaje?"

"Kasema pole."

"Na wewe?"

"Nikasema asante, kaka."

Alifumba macho akatabasamu. Kisha akaniomba kadi na kalamu, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa hauna nguvu, alinitajia mimi nikaandika. Ndiyo kadi ya mwisho, ya mia nne na kumi na mbili, kwa mwandiko wangu: "Kwa ndugu wasiosemezana. Umepimwa." Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa tisa mchana, alifariki dunia akiwa na miaka sitini na mmoja. Ilikuwa zamu ya kaka mkubwa.

Mtu huyu hakumpa mtu miwani isiyo yake maisha yake yote, na hakupendekeza mchezo ambao hajaupima, isipokuwa mara ile moja, na ile moja ilimtesa. Mimi nikamfungia kazi yake kwa uongo. Sijapata usingizi tangu siku hiyo.

Marehemu ameacha mke, mabinti wawili, mkwe mmoja, mjukuu mmoja wa kike, wanaklabu wa Jumamosi, kaka mmoja na dada mmoja.

Kaka mkubwa, vijitabu hivi vya wasifu viligawiwa mlangoni. Najua wewe husoma ukurasa mzima kabla mtu hajafungua mdomo, kwa hiyo umeshafika hapa kabla yangu, na kama bado umekaa, basi nisikilize. Kila asubuhi wodini nilikuwa nalifungua daftari la wageni nitazame kama jana ulifika. Nilikuwa natafuta siku uliyokosa. Hukukosa hata moja. Kwa mama bado nina uchungu, sitakuficha, na siku moja utanieleza. Lakini ndugu yetu marehemu ulimshika mkono mpaka mwisho, na mimi sikuwepo. Pole, kaka. Pole sana. Nimechoka kukununia.

Imebaki sentensi moja kwenye karatasi hii na pumzi zimeniishia. Njoo usimame hapa tuisome pamoja.

Ndugu yetu, kazi umeimaliza. Pumzika sasa kwa amani.