Bwana Ngwali Pandu, Aliyekataa Kuutolea Ushahidi Moshi

Bwana Ngwali Pandu, mkaguzi mkuu wa karafuu katika bohari yetu hapa Wete, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Juni 1962, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Tungelisema hivyo bila wasiwasi, lakini mpaka tunaandika haya kuna fomu moja bado hajaitia sahihi, na wanaomjua Ngwali na fomu watatuelewa.

Alizaliwa Ole, akaja Wete kwa miguu mwaka 1931, akaajiriwa kuchukua magunia. Miaka minne baadaye alikabidhiwa bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia ili karafuu chache zitoke zikaguliwe. Tangu siku hiyo hakuna aliyekiona mkononi mwa mtu mwingine. Huchoma, humimina kiganjani, hutafuna moja, ndipo huamua. Karafuu ikiwa haijakauka gunia hurudi lilikotoka, liwe la nani. Mwaka 1947 alilirudisha la baba mkwe wake, na kwa wiki mbili chakula chake cha mchana kilikuwa muhogo wa kuchoma wa kununua barabarani.

Kama ana kasoro, ni hii: hatii sahihi kwa kitu asichokiona. Tulipoletewa saa mpya ya ukutani, hati ya mapokezi ilisema saa ni nzima. Ngwali aliivutia kiti, akakaa chini yake tangu saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, akaihesabu inavyogonga, ndipo akaomba kalamu.

Sasa niieleze Januari 1959, maana nisipoieleza nitaulizwa. Nchi inayonunua karafuu zetu ilikuwa imegombana na nchi iliyo ng'ambo ya mlango wake wa bahari. Kwa sababu za usalama sikuruhusiwa kuzitaja, ingawa kila mtoto wa Wete anazijua, basi nitaziita Mnunuzi na Jirani. Walichogombania wanakijua wenyewe. Sisi tulipata habari pale meli iliyokuja kuchukua magunia elfu tatu ilipotia nanga, ikakataa kupakia. Nahodha alidai Hati ya Usalama, ambayo kwayo mkaguzi anaapa kwamba karafuu hizi, "wala sehemu yake, wala zao lake, wala mabaki yake", hazitafika kwa Jirani.

Ngwali aliisoma mara mbili. Akauliza Mnunuzi anazifanyia nini karafuu zote hizo. Akaambiwa anazitia kwenye sigara. Akaiweka kalamu mezani.

Meneja wetu, Bwana Mmanga Kificho, alimbembeleza mbele yetu sote. "Ngwali ndugu yangu, tia sahihi. Moshi ni moshi tu."

"Karafuu hazivuki, hilo n'tasema," akajibu Ngwali. "Moshi miye sikuuona. Mtu akawasha kule, upepo ukavuma, kesho Mungu akiniuliza n'tamjibu nini?"

Barua zote nilizipiga mimi taipu, kwa hiyo nina haki ya kulalamika. Wakubwa waliandika kwamba moshi si bidhaa. Ngwali akaomba mmoja wao aitie sahihi kauli hiyo. Hakuna aliyethubutu, maana wao nao walikuwa wameshaanza kujiuliza. Likaja swali kutoka kwa Mnunuzi: mvutaji wa kawaida hutoa moshi kiasi gani? Likafuata agizo kwamba moshi wa karafuu uhesabiwe kuwa jambo la siri mpaka hapo itakapoamuliwa vingine. Kwa wiki tatu ofisi nzima ilikunywa chai bila karafuu, kwa kuuhofia mvuke.

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Ndani ya magunia yale mlikuwamo karibu mavuno yote ya Ole. Masika yalikuwa yanakaribia na bati la bohari lilikuwa na matundu. Karafuu zikilowa huota ukungu, na mtu wa kuzikataa angekuwa Ngwali huyo huyo. Dada yake mkubwa, Bi Mwatima, alikuja kutoka Ole, akakaa juu ya gunia katikati ya bohari.

"Watu wamekwea mikarafuu mpaka wamevunjika miguu," alimwambia. "Leo wewe watuozeshea karafuu kwa ajili ya moshi?"

Siku hiyo Ngwali hakutafuna karafuu hata moja, na nilimwona akijifuta macho kwa kofia. Nilimchukia kwa ukaidi wake, kisha nikajichukia mwenyewe, kwa kuwa ningekuwa mimi ningelitia sahihi tangu siku ya kwanza.

Tarehe 9 Machi alikuja na dawa. Aliomba paketi moja ya zile sigara kwa wakala wa Mnunuzi, akatuita uani. Ofisa wa usalama aliyekuwa amewasili kutoka Unguja alikuja na faili na futi ya kupimia. Bi Mwatima alileta wanawake kumi na wawili wa Ole wawe mashahidi. Mzee Mabruki, mlinzi wetu, alijitolea kuvuta, akavuta sigara kumi na nne bila kulalamika. Ngwali aliufuata kila moshi kwa macho na kwa miguu mpaka ulipotoweka, na ofisa akapima. Mwingi uliishia hatua tisa. Mmoja ulipanda ukuta ukatoka nje, Ngwali akatoka mbio langoni, wanawake wa Ole nyuma yake, ofisa nyuma yao na futi yake. Walirudi wakihema. Ulikuwa umefia mbele ya muuza samaki.

Ndipo Ngwali alipotia sahihi, na chini yake akaandika kwa mkono wake: "Moshi nimeushuhudia. Hauendi mbali." Magunia elfu tatu yalipakiwa kwa siku mbili, na mvua ilishuka siku ya tatu. Wiki iliyofuata ilikuja simu ya maandishi kwamba Mnunuzi na Jirani walikwishapatana tangu tarehe 2 Februari, na kwamba Jirani anaomba magunia elfu moja.

Nirudi kwenye ile fomu. Kila anayestaafu hutia sahihi kwamba hatoki na mali ya bohari, "wala sehemu yake, wala zao lake, wala mabaki yake". Ngwali aliisoma Jumatatu. Akainusa mikono ya kanzu yake, akanusa viganja, akaiweka kalamu mezani. Miaka thelathini na moja imemwingia mwilini, na hakuna sabuni ya kuitoa.

Basi tumeiandika hati nyingine. Inasema kwamba sisi kumi na wanane wa bohari ya Wete tumeinusa harufu hiyo ya karafuu wenyewe, na kwamba ni yake, aliifanyia kazi, aende nayo. Meneja ametia sahihi. Mzee Mabruki ametia. Bi Mwatima amekuja kwa miguu kutoka Ole kutia dole gumba, na hakuna aliyemwita.

Bwana Ngwali, asante kwa kila gunia ulilolirudisha. Mungu akupe afya, na siku za utulivu huko Ole. Mstari mmoja tu umebaki wazi, nao ni wako. Mashahidi tupo, tumeona. Tia sahihi, ndugu yetu, uende nyumbani.

Mjaka Ame
Karani wa barua, Wete