Mlolongo wa Sukari Nyumbani kwa Mama

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitikia kama watu wanaongoja chai. Nasema tena, Bwana asifiwe! Haya, hapo sasa. Mchungaji amenipa dakika kumi, na ameniomba niongee kwa upole kwa sababu leo tuna wageni. Mchungaji, nakuheshimu kama baba yangu, lakini huo upole nimeuacha nyumbani. Mnanijua, mimi ni Ndugu Elisha, yule anayeuza makaa hapo nyuma ya kanisa. Nimeokoka, nampenda Yesu, na nimekasirika.

Nimekasirika tangu Jumapili iliyopita, katibu wetu aliposoma tangazo kwamba mwezi ujao Mheshimiwa atakuwa mgeni wetu, ataleta mabati ya kuezeka hii nyumba ya Mungu, na akina mama wafanye mazoezi ya wimbo. Mkapiga makofi! Mwingine akapiga vigelegele! Mimi nilikuwa benchi la nyuma, sikupiga. Huyo Mheshimiwa simjui kwa kusikia. Kile kiti cha ubunge alichokalia mara ya kwanza, mimi ndiye niliyempa. Tulieni niwaambie Mungu alinitoa wapi, halafu mtaamua wenyewe kama mtaimba.

Zamani nilikuwa mwalimu kule Nyakach, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Katito. Mwalimu asiye na cheti, wa kushikilia darasa kila mwaka akingoja barua ya kuajiriwa, na barua haiji. Mama alinilea peke yake kwa kuuza vyungu sokoni Pap Onditi. Mama hakujua kusoma hata herufi moja, lakini chungu chenye ufa hakumuuzia mtu, hata mnunuzi awe amekipenda vipi. Aliyenifundisha mimi kusoma alikuwa Mwalimu Ondiek, mzee mmoja mpole, mwembamba, na alipostaafu watu wakamwomba agombee ubunge ashindane na Mheshimiwa.

Vijana hamkuuona mlolongo, kwa hivyo niwaeleze. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Wakala wa mgombea alisimama uwanjani ameshika picha ya mtu wake, na wewe ukienda kusimama nyuma ya picha hiyo, umepiga kura. Karani anahesabu vichwa, anatangaza kwa kipaza sauti, watu wanaenda nyumbani. Na wakishaenda, ndugu zangu, ile hesabu inabaki mdomoni mwa karani peke yake. Hakuna kitu cha kufungua kesho yake mkasema tuhesabu tena.

Karani siku ile nilikuwa mimi.

Mlolongo wa Mheshimiwa ulianzia kwenye picha ukaishia golini. Umeisha hapo! Mlolongo wa Mwalimu Ondiek ulizunguka uwanja wote wa shule, ukatoka langoni, ukashuka mpaka kwenye kinu cha posho. Mama alikuwa kwenye huo mrefu, amekuja na kigoda chake kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, kila watu wakisogea naye anakisogeza. Aliponiona nikipita na daftari alinyoosha shingo kwa fahari, mtoto wake amepewa kazi ya serikali.

Nikahesabu. Nilihesabu vizuri kabisa, mara mbili. Halafu afisa mmoja akaniita kando ya Landrova yake. Hakunipiga, hakunitisha. Aliniuliza tu, "Mwalimu, umengoja barua miaka mingapi? Mjini kuna kazi ya kukagua soko. Soma matokeo vizuri." Akanirudishia daftari langu, na pale kwenye hesabu yangu alikuwa ameandika yake.

Ndugu zangu, nilisimama juu ya meza nikatangaza kwamba Mheshimiwa ameshinda kwa kura nyingi. Watu wakacheka! Walidhani mwalimu anafanya mzaha, nani asiyeona kwa macho yake? Nikasikia sauti moja kutoka upande wa lango, "Elisha! Rudia!" Ilikuwa ya mama. "Rudia hesabu, wewe mtoto!" Na mimi nikarudia. Nilirudia maneno yale yale, nikimtazama. Hapo vijana wa chama wakaingia na rungu kutawanya watu, na mama alirudi nyumbani amekumbatia kigoda cha miguu mitatu, wa nne umevunjwa.

Msinitazame hivyo! Mnanitazama kama mimi peke yangu ndiye Yuda! Jumamosi yake Mheshimiwa alichinja ng'ombe. Mnajua nani walienda kula? Watu wa mlolongo mrefu walienda kula ng'ombe wa mlolongo mfupi! Niliwaona kwa macho yangu wakilamba vidole. Ndiyo maana hasira yangu haijaisha, na sijaomba iishe.

Basi nikapata kazi yangu mjini hapa. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa soko na kofia yangu, mama wa watu hana kadi ya chama, haingii na omena zake, wale dagaa wa ziwani. Jua linamchoma, omena zinanuka, mimi nasema sheria ni sheria. Baadhi yenu mlio hapa mlifukuzwa na mimi. Mama Risper, wewe nilikumwagia nyanya zako chini. Nisamehe, mama.

Kila mwisho wa mwezi nilipanda gari kwenda nyumbani na pakiti mbili za sukari. Mzazi kwetu haendewi mkono mtupu, na mimi nilitaka majirani waone. Mama alipokea kwa mikono miwili, akasema "Ero kamano", asante, akaingia nayo chumba cha ndani. Halafu ananiletea chai. Chai haina sukari! Nikimuuliza anasema amezoea hivyo. Mimi mjinga nikafikiri ni uzee. Nikapeleka na unga wa dukani, nikakuta anakula mtama wake. Nikapeleka nyama, akawapa majirani mbele yangu akisema meno yake hayawezi. Miaka mitatu mama yangu mzazi hakutia kinywani kitu kilichotoka mkononi mwangu, na mimi sikuelewa!

Halafu nikaletewa habari kwamba mama ni mgonjwa, hali chakula. Nikaenda asubuhi ile ile na sukari yangu kama kawaida. Nikamkuta amelala chumba cha ndani, chumba ambacho hakuwahi kuniruhusu niingie tangu nihamie mjini. Nikasukuma pazia.

Yaye! Sukari yote ilikuwa pale. Pakiti moja nyuma ya nyingine, mstari umeanzia kwenye mguu wa kitanda, ukafuata ukuta, ukapinda kwenye kona, ukazunguka chumba chote mpaka mlangoni nilipokuwa nimesimama. Za zamani zilikuwa zimeganda kama mawe. Nyingine zimetobolewa na sisimizi, wamejaa sakafuni.

Mama hakuinua hata kichwa. Akasema, "Karani, nimekupangia mlolongo. Hesabu."

Nikasema mama, acha hayo, wewe ni mgonjwa. Akasema, "Hesabu kwa sauti." Nikahesabu. Mtu mzima na kofia ya serikali, nimepiga magoti, nahesabu pakiti za sukari. Nilipofika kwenye mguu wa kitanda akaniuliza ni ngapi, nikamwambia. Akauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. "Rudia." Nikarudia, jibu likawa lile lile.

Akanigeukia sasa. "Kumbe unajua kuhesabu! Mimi nilijiambia labda nimezaa mtoto asiyejua hesabu, nikawa nakuhurumia. Sasa sijui nifanye nini na wewe. Mimi nitakufa, Elisha, na chakula chako sitakila, mpaka uwahesabu wale watu."

Ndugu zangu, kuna watu waliookoka kwenye mikutano mikubwa, na taa na vinanda. Mimi niliokoka juu ya sisimizi. Nililia nikamwambia Mungu, mimi ni mwongo, nimeuza watu wa kwetu na mama yangu akiwemo, nitoe hapa! Wakaniuma magoti yote, sikuinuka. Nilipoinuka nilijua nitasema. Sikujua lini, na nilikuwa naogopa vibaya sana.

Mungu hakunipa muda wa kuogopa. Wiki hiyo hiyo Mwalimu Ondiek akafariki. Na nani alikuja mazishini? Mheshimiwa! Alikuja na magari matatu, akakalishwa kiti cha mbele, akapewa kipaza sauti kabla ya watoto wa marehemu. Akasema yeye na Mwalimu walishindana kiungwana, akamshinda kiungwana, na Mwalimu akampongeza. Mjane wa Mwalimu ameinamisha kichwa tu. Na sisi waombolezaji tukapiga makofi! Tukapiga makofi juu ya maiti ya mtu!

Ikafika zamu ya wanafunzi wa zamani wa marehemu. Nikaomba kipaza sauti. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekuwa karani. Nilidanganya. Mwalimu Ondiek alishinda, na nilimnyang'anya kwa sababu ya kazi. Wale mliosimama nyuma yake siku ile, njooni msimame nyuma ya jeneza lake, niwahesabu upya."

Hakuna aliyesogea. Hata mmoja! Vijana wa chama walikuwa wameanza kunisogelea. Kisha nikasikia kitu kinaburutwa. Mama alikuwa ameletwa kwa baiskeli, amekaa kando ya ua na wanawake wengine, na sasa alikuwa anakuja polepole, anaburuta kile kigoda. Akakiweka nyuma ya jeneza. Kigoda cha miguu mitatu hakikaliki, kwa hivyo akakiegemea tu, akanitazama. Nikasema kwa kipaza sauti, "Mmoja!"

Mjane akasimama nyuma yake. Wawili. Mwenye kinu cha posho akaja. Wakaja wauza vyungu wa Pap Onditi, wakaja hata wale niliowaona wakila ng'ombe, wameinamisha macho. Mlolongo ukatoka uani, ukashika barabara. Nilikuwa sijafika hata nusu niliposikia magari matatu yanawashwa. Niliendelea kuhesabu. Vijana wenye rungu hawakujua wampige nani, maana mama zao walikuwa kwenye mstari.

Kesho yake nilikamatwa. Nililala rumande siku tisa, kazi ikaisha, kofia wakachukua. Nilipotoka nilitembea mpaka nyumbani, sina senti, sina sukari. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Akauliza nimemletea nini. Nikasema, "Sijaleta kitu, Mama. Mikono mitupu." Akasema, "Afadhali. Nenda kwa jirani uniombee chumvi, halafu unipikie."

Nikapika ugali na mboga za majani. Niliunguza kidogo. Mama akanawa, akakata tonge, akala. Akakata lingine, akala! Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini mimi wangu mtupu ndio uliomlisha mama. Nililia mpaka akaniambia ninyamaze, namwagia mboga machozi na chumvi tayari ipo ya kutosha. Alipona. Aliishi miaka miwili zaidi akila nilichopika, akinisema kila siku kwamba nimeunguza. Asante Yesu! Asante kwa kila tonge!

Sasa turudi kwa mabati. Mchungaji, usiangalie saa, namaliza. Hii turubai yetu inavuja, najua. Mvua ya juzi imeninyeshea na mimi. Lakini mama mmoja mjane, hajui kusoma, alikunywa chai chungu miaka mitatu na sukari imejaa chumbani kwake, asile matunda ya uongo wa mtoto wake wa tumbo. Sisi tuna Biblia, tuna kwaya, tuna kamati ya maendeleo, na tunashindwa na mabati! Mtasema kila Jumapili Mungu wetu ni mwaminifu huku mnatazama juu mnaona nini? Tutaomba toba chini ya paa gani?

Mimi namwamini yule Mungu aliyenitoa kwenye kofia na rungu. Kama aliweza kumwokoa karani mwongo, kuezeka nyumba hatashindwa. Nina magunia sita ya makaa, nayatoa yote yaanze kununua mabati yetu wenyewe. Na wewe unayemwamini, usiniitikie Amina. Amina nimezisikia nyingi, hata pale kwenye ng'ombe walisema Amina kabla ya kula. Inuka hapo ulipo, uje usimame nyuma yangu, tumwandikie Mheshimiwa barua kwamba hatuna kiti chake. Mimi nitahesabu, na safari hii nitahesabu vizuri.

Nangoja. Hata dakika zangu zikiisha, nangoja.

Mama Risper? Njoo, mama. Njoo polepole, shika benchi.

Mmoja!