Bi Kisu na Wajukuu Wake Kwenye Lango la Gereza

Marehemu, ambaye soko zima lilimwita Bi Kisu, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa mhunzi. Alisoma hadi darasa la nne. Cheche ilipompofusha baba yake jicho moja, akaacha shule akawa anamvukutia moto.

Kuanzia mwaka 1970 alichinja na kuuza kuku sokoni. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ulimi mwepesi zaidi. Mwaka 1976 aliolewa na dereva wa lori, wakajaliwa wana wawili. Mumewe alifariki ajalini mwaka 1990.

Tarehe 14 Juni 2016 mwanawe mkubwa, aliyezoea kumpiga mkewe kwa ngumi, alimwendea na nyundo. Mke akamnyang'anya, akampiga nayo kichwani hadi akakata roho, watoto wao wawili wakitazama. Bi Kisu ndiye aliyeifuta damu ile sakafuni. Mkwewe akafungwa miaka ishirini.

Ukoo ukakata shauri kwamba watoto wasimwone tena muuaji. Bi Kisu akawavalisha viatu, akawapeleka gerezani. Mkwe akashindwa kuinua uso.

"Mama, nimekuulia mwanao."

"Najua. Nilimwosha mwenyewe. Sasa mtazame binti yako, ameng'oka jino."

Waliporudi, mwanawe mdogo alikuwa anawangoja mlangoni.

"Umekwenda kumsalimia aliyemuua kaka yangu?"

"Nimewapeleka watoto kwa mama yao."

Mwana akampiga mama yake kwa komeo la mlango, akamvunja mkono na meno mawili. Siku ya kutembelea wafungwa ilipofika tena, Bi Kisu alisimama kwenye foleni, mkono umefungwa plasta. Askari akauliza nani kamfanyia vile.

"Kuku," akajibu. "Siku hizi wanajitetea."

Hakusema kamwe kwamba amesamehe. Alisema, "Mwanangu nilimpenda, naye alikuwa katili. Yote mawili nimeyazaa mimi." Na kila mwezi akawapeleka.

Desemba 2021 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alipoishiwa nguvu za kutembea, mwanawe mdogo alimbeba mgongoni hadi kwenye lango la gereza, akabaki nje. Bi Kisu alifariki mikononi mwa mwanawe huyo tarehe 3 Februari 2022, alfajiri.

Ameacha mwana mmoja, wajukuu wawili, na mkwe ambaye hakupewa ruhusa ya kuja kumzika. Jumamosi watoto watakwenda kumsimulia mama yao maziko haya. Baba yao mdogo ndiye atakayewapeleka, na amesema ataingia ndani.

Mola ampokee Bi Kisu wetu, ampumzishe.