Mama Mvuke na Kibati cha Mashine ya Pasi

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Mvuke anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali yetu. Nimeombwa niandike maneno matamu yasiyomkwaza mtu. Matamu yapo. Hilo la pili limenishinda.

Jina lake alipewa kwa sababu kila mlango ulipofunguliwa mvuke ulitangulia, yeye akafuata akiimba, na sauti yake ilisikika hata mashine zote zikinguruma. Meno ya bandia yaliyosahauliwa ndani ya foronya aliyazungusha kitanda kwa kitanda mpaka mwenyewe apatikane. Kuna babu mmoja alijaribu yasiyo yake, yakamkaa, akagoma kuyatoa.

Mashine yetu ya pasi, ile yenye magogo mawili ya moto yanayomeza mashuka, ina kibati mbele kinachozuia vidole visiingie. Nyapara wetu wa wakati ule aliona kibati kinachelewesha kazi. Akakifungua kwa spana, asubuhi kweupe, mbele ya watu. Mchana binti mgeni kazini aliingiza shuka, na mkono ukafuata shuka. Binti huyo ni mimi. Haya ninayaandika kwa mkono wa kushoto.

Uongozi ulipouliza, nyapara alidai nilikifungua mwenyewe kwa uzembe wangu. Nilikuwa nimelala wadini, kazi yangu ikining'inia. Wenzetu wakasema hawakuona. Chumba kizima kilipofuka siku moja! Mama Mvuke peke yake ndiye aliyesimama akamtaja aliyeshika spana.

Na nyapara hakuwa mtu baki kwake. Alikuwa mzee wa kanisa lake, tena ndiye aliyesimamia ndoa yake. Alimfuata nyumbani na wazee wenzake, wakamsihi asimwaibishe mtumishi wa Bwana. Mumewe bado analikumbuka jibu alilowapa huku akiwamiminia chai: "Jumapili namwambia Bwana nakufuata, halafu Jumatatu niseme sijui kitu? Hapo nitakuwa namfuata nani?"

Mimi nilibaki na kazi yangu. Nyapara alikaripiwa, akaendelea kuwa nyapara. Aliyeadhibiwa ni msema kweli: Mama Mvuke alihamishiwa kwenye mapipa ya kuloweka mashuka yenye damu, na hakupandishwa cheo mpaka leo anapoondoka. Hiyo ndiyo shukrani yetu. Kule kanisani wakamwambia apumzike kwaya kwanza. Mama yake mzazi alipofariki, kwaya hiyo aliyoiimbia tangu usichana haikutia mguu msibani. Yeye na dada zake waliimba wenyewe kaburini, mimi nikiwashikia kitabu cha nyimbo. Jumapili iliyofuata alirudi kanisani akakaa benchi la nyuma.

Kwaya hiyo hiyo imo kwenye ratiba ya hafla ya kumuaga Ijumaa hii, baada ya chakula, na wimbo wa kumsifu kwa uaminifu wake. Uaminifu upi? Ule mlioufungia mlango? Nasikia wameufanyia mazoezi mwezi mzima. Nawaomba, kabla ya kufungua vinywa, wamtazame usoni kwanza.

Miaka ilipita, nyapara akapatwa na kiharusi, akalazwa kwetu. Mama Mvuke alimchagulia mashuka mazuri kuliko yote, akayapiga pasi mwenyewe na kumpelekea wadini. Nilimnunia wiki nzima. Aliponiona sibanduki kwenye hasira yangu, aliniambia, "Nilisema nitamfuata Bwana popote, mwanangu. Na wadi ya wanaume nayo ni popote."

Yeye amesamehe. Mimi bado, na anajua. Wala msidhani kwamba kwake ilikuwa rahisi, maana nimemwona mara nyingi akilia huku akisuuza. Wapo wanaodhani kumfuata Kristo ni kuvaa kitenge kipya na kukaa mstari wa mbele. Waende wakanuse yale mapipa.

Tangu nilipoumia, kila asubuhi kabla mashine haijawashwa, Mama Mvuke aliacha mapipa yake akaja kukigonga kibati kwa kifundo cha kidole, ngo, ngo, kuhakikisha kimekaza. Vijana walimcheka wakisema anaibishia hodi mashine. Siku hizi hakuna anayethubutu kugusa swichi kabla ya kusikia mlio huo, na hakuna mwingine aliyeumia pale.

Mhariri wa jarida letu ameniomba nifute aya za katikati, kwa kuwa mgeni rasmi huenda akakereka. Nimemwambia azifute yeye, kwa mkono wake wenye vidole vyote.

Mama Mvuke, asante. Ulinisimamia hata jina langu ulikuwa hujalishika vizuri. Nenda ukapumzike, uimbe sebuleni kwako kwa sauti yote mpaka majirani walalamike, na Bwana uliyemfuata kwa gharama yote hii azidi kukutangulia. Sisi tunakuombea siku njema, nyingi, zisizo na harufu ya dawa.

Na Jumatatu asubuhi usikae ukiwaza nani atagonga kibati. Nitagonga mimi, kwa mkono huu wa kulia, kwa vidole viwili vilivyobaki.