Kopo la Mwisho la Mzee Kiraka

Baada ya miaka thelathini na moja katika ukumbi wetu wa bolingi, fundi wetu wa matufe anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Jina lake halisi linajulikana na ofisi ya mishahara. Sisi tunamwita Mzee Kiraka, na akiitwa vinginevyo hageuki.

Kazi yake ilikuwa kuziba na kutoboa. Tufe la bolingi hutobolewa matundu matatu kwa vipimo vya vidole vya mwenyewe. Likipata mwenyewe mwingine, matundu ya zamani huzibwa kwa dawa nzito kama asali, iliyochanganywa na rangi na kigandishi. Ikishakauka hupigwa msasa mpaka kiraka kisionekane, ndipo yatobolewe mapya. Wateja kadhaa walirudi kulalamika kwamba hakufanya kitu. Aliwapa tochi, watafute wenyewe.

Kona yetu ya ufundi iko nyuma ya mitambo, na joto la pale huiharibu dawa. Kwa hiyo aliihamishia nyumbani, katika karakana aliyoijenga uani: ukuta mnene, dirisha upande usiopigwa na jua, makopo juu ya ubao yasiguse sakafu, kigandishi kwenye kabati lake peke yake, mbali. Kila kopo liliandikwa tarehe ubavuni, na lililotangulia kuingia lilitangulia kutoka. Dawa hii ikikaa mno huganda yenyewe, hata bila kigandishi. Kopo lililopitisha muda alilitupa, meneja akinung'unika pembeni.

Marehemu mkewe, aliyekuwa akigawa viatu vya kuchezea pale kaunta, aliyaita makopo hayo wake wenzake. Alisema yeye hulala akijipepea kwa gazeti, wenzake wamepewa chumba cha baridi. Alikatazwa kuanika nguo karakanani, kwa sababu ya unyevu. Akaanika shuka zima juu ya kabati la kigandishi, ili ijulikane nani mwenye nyumba. Mzee Kiraka alitusimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka shuka liliongezeka ukubwa.

Siku hizi hakisimulii. Mama yule alifariki miaka minne iliyopita, akaacha tufe lake, jekundu lililokolea. Binti yao, mwenye kiganja kidogo kuliko cha mamaye, aliomba lizibwe na kutobolewa upya ili alichezee yeye. Baba akakubali. Akanunua kopo, akajaribu rangi mpaka ikafanana kabisa. Kisha akasema tungoje joto lipungue. Lilipopungua, akasema kuna unyevu. Binti akaacha kuuliza.

Wiki iliyopita tulikwenda kumsaidia kupanga karakana. Binti alilikuta kopo lile nyuma ya mengine, akalitikisa. Halikutoa sauti. Tulipolifungua, dawa ilikuwa jiwe. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumtazama mtu aliyetufokea miaka yote kwa ajili ya tarehe. Alikaa kwenye kigoda chake.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Nilikuwa nalitikisa kila mwezi. Siku liliponyamaza, na mimi nikanyamaza."

Binti alilichukua tufe kutoka rafuni, akaingiza vidole katika matundu ya mama yake. Vilipwaya.

"Yaache, baba," akasema. "Hata mimi kila nikija huwa naingiza vidole humu."

Mzee Kiraka, asante kwa viraka vyote ambavyo hatukuviona, na kwa mafundi wawili uliowakuza, ambao sasa nao wanatufokea kwa ajili ya tarehe. Zawadi yetu ni kopo jipya, rangi ileile, tarehe ubavuni kama unavyotaka. Liweke kwenye ubao, mbali na jua. Ukilifungua siku moja, ni sawa. Likinyamaza hapo ubaoni, hakuna atakayelitupa. Tunakuombea siku nyepesi, na mikono iliyopumzika.